Gwanda Nililolitia Mabibo

Siku hizi askari wakipita barabarani na magari yao nawaona wamevaa nguo za mabakabaka, kijani na udongo, zimetoka hivyo hivyo kiwandani. Wajukuu wanawapungia mikono. Mimi naingia ndani. Wakiniuliza bibi unakimbia nini, nawaambia jua kali. Jua gani? Nguo ya kujificha ya kwanza niliyoiona maishani niliitengeneza mimi mwenyewe, na laiti ningejua ningeitia jikoni ikaungua pamoja na sindano.

Wakati ule mradi wa karanga wa Mzungu ulikuwa umeshakufa. Matrekta yaliyobaki Nachingwea yalikuwa yanashika kutu, na ile misitu waliyoing'oa ilikuwa imeanza kuchipua upya, vichaka vizito ambavyo hata sungura anapita kwa kujibana. Jeshi likavipenda. Likaja kupiga kambi, na mume wangu, kijana wa Marambo aliyekuwa ametoka kunioa juzijuzi, akaandikwa. Sikumzuia. Kusema kweli nilijivuna, tena sana. Mwanamume yule alikuwa na mabega, na kaki iliyopigwa pasi ilimkaa.

Mzungu aliyewafunza alikuwa na wazimu wake. Alikuwa amepigana vita mbali huko, na hakuridhika na kwata ya kupiga buti kiwanjani. Alitaka mafunzo yafanane na vita yenyewe. Mume wangu akija ruhusa alinisimulia: wanapakwa masizi usoni, wanalala kichakani kutwa nzima siafu wakiwapanda, na anayekohoa au kujikuna anahesabiwa amekufa. Jioni maiti huyo anakimbizwa kuzunguka kambi na jiwe kichwani. Nilicheka. Nikamwambia hiyo si vita, hiyo ni kombolela ya watoto. Yeye hakucheka. Alisema mwisho wa mafunzo watalala porini kuvizia njia, na atakayevuka siku hiyo bila kuonekana na mtu atapewa tepe ya cheo, na tepe hiyo ni yake.

Basi akaniletea gunia kuukuu. Kaki ilikuwa inang'aa mno porini, na nguo za kificho hawakupewa. Kila mmoja aliambiwa atumie akili yake. Nikalichana gunia vipande vyembamba, nikavishona kwenye shati lake la zamani, vikawa vinaning'inia kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Rangi ndiyo ilinisumbua, maana matope yakikauka yanapukutika. Nikakumbuka mabibo, matunda ya mkorosho. Kwetu hakuna mtoto ambaye hajachapwa kwa kudondoshea nguo maji ya mabibo. Doa lile halitoki hata uchemshe. Nikakamua, nikaloweka, nikasugulia na masizi ya chungu, nikaanika. Gunia lilipokwisha nikamalizia begani kwa kipande cha kaniki yangu iliyochakaa. Akalivaa, akaenda nyuma ya nyumba, akasema nimtafute. Jamani, nilimkanyaga mkono ndipo nikajua yupo. Tulicheka mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini, na mume wangu akachomoka mbio akatokomea mashambani na manyoya yake.

Lazima nieleze hapo. Tulikuwa tunakaa kwa mama, Chinongwe, maana kwetu mwanamume alihamia kwa mkewe, na mtoto wa kwanza sharti azaliwe mikononi mwa bibi yake. Na mkwe na mkwe hawakutazamana. Akimwona mama yangu anakuja njiani, mume wangu aliingia porini mpaka apite. Hakumtaja jina, hakukaa alipokaa, wala hakumwonyesha mgongo ulio wazi. Wako vijana waliofanya hivyo shingo upande. Yeye alifanya kwa moyo, na mama alimpenda kwa hilo kuliko alivyowapenda wanawe. Alikuwa akisema majirani wana wakwe, yeye ana mtu.

Mimba yangu ilikomaa mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mume wangu yuko kambini, hakuna ruhusa. Uchungu ukanishika. Ukanishika ukanishikilia, na mtoto hashuki. Mkunga wetu alikuwa mwanamke mwenye kiburi cha kazi yake, hakuwa mtu wa kusema ameshindwa, lakini asubuhi ile alinawa mikono akamwambia mama kwamba mtoto amekaa vibaya, mpelekeni hospitali Nachingwea, na mwende sasa. Mama akauliza kama mtoto yu hai. Mkunga akasema yu hai, anapiga teke, lakini hatangoja sana.

Wanaume walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya mbali wakiwahi mvua. Walipatikana wawili: mjomba wangu, na jirani yetu ambaye alikuwa mtani wake. Wakafunga kitanda cha kamba kwenye mti mrefu, wakanilaza, wakanipandisha mabegani, mama akifuata nyuma. Shabaha ilikuwa barabara kubwa. Kulikuwa na lori la mfanyabiashara mmoja wa korosho lililokuwa likipita hapo kila asubuhi kwenda Nachingwea, na dereva wake hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa. Tukiliwahi lori, tumewahi hospitali. Hilo kila mmoja wetu alilijua, hata mimi niliyekuwa nauma kanga.

Yule mtani hakunyamaza njia nzima. Alimwambia mjomba anabeba mgonjwa kama anabeba kuku wa wizi, kwamba watu wa ukoo wake wamezoea kubebwa, si kubeba. Mjomba alimjibu kwa matusi ya kitani, na mwendo ukawa mzuri. Nami nilicheka, pamoja na maumivu yale. Mpaka tukafika korongoni.

Mvua ya jana yake ilikuwa imelilowesha, udongo mwekundu umekuwa utelezi mtupu. Mjomba alikuwa mbele. Mguu ulimtoka, akaenda chini na goti likageuka upande usio wake. Kitanda kilitua kwa kishindo, nashukuru hakikupinduka. Mjomba alijaribu kusimama, akakaa. Akajaribu tena, akakaa. Mtani wake akachutama akamshika goti, na utani ukaishia hapo.

Mti wa kubebea hautaki mtu mmoja. Mama akapanda ukingo wa korongo, akazungusha mikono mdomoni, akaita upande wa vichakani, maana kule mara nyingi walikuwepo wachoma mkaa na warina asali.

"Jamani, wenye masikio! Mwanangu anakufa na mtoto tumboni. Hakuna mwanamume humu?"

Akangoja. Akaita tena. Sauti ya mama yangu ilikuwa kubwa, aliimba nayo ngomani, ingefika hata ng'ambo ya pili.

Mimi nilikuwa nimegeuza kichwa ubavuni kupumzisha shingo. Chini ya kichaka, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningegusa, niliona kipande cha kaniki. Nikadhani macho yananidanganya kwa uchungu. Kisha nikaona vipande vya gunia, rangi ile ya mabibo, na kati ya majani nikaona macho ya mume wangu. Nyuma yake kulikuwa na macho mengine, na mengine. Kichaka kizima kilikuwa wanaume. Vijana wenye nguvu, wameshiba nyama ya kopo, wamelala kifudifudi kimya, na mama yangu amesimama juu yao anauliza kama humu hakuna mwanamume.

Tulitazamana. Sikuwa na wasiwasi, Mungu ananiona. Nilijua anainuka sasa hivi. Siafu alikuwa anamtambaa mdomoni na yeye hamfukuzi. Nikamngoja. Mama akaita mara nyingine, na sauti yake safari hii ilikatika katikati. Mume wangu akafumba macho.

Watu watauliza, mbona wewe hukupiga kelele? Nami nimejiuliza. Ningesema tu, mama, mkweo huyu hapa, yangekwisha. Lakini mama angegeuka amkute kijana yule wa adabu amelala kwa tumbo miguuni pake, amepakwa masizi, matambara yananing'inia, na mimi mbele yao nimelowa. Hayo yangevumilika. Ila angejua pia kwamba mkwewe alisikia. Kwamba alikuwepo tangu anaita mara ya kwanza. Aibu ikanizidi kuliko uchungu wenyewe, nikavuta kanga nikajifunika uso.

Mama alishuka, akaweka mti begani mwake. Mama yangu, mwembamba vile, na kifua chake cha kubana. Mtani akachukua nyuma, wakamwacha mjomba amekaa. Tulikwenda kidogo, tukatua. Tukaenda, tukatua. Kabla hatujaifikia barabara tulilisikia lori, likatukaribia, likatupita huko mbele, muungurumo ukafifia kuelekea Nachingwea. Mama aliendelea kutembea. Nilisikia pumzi yake tu.

Gari jingine lilitokea jua limeshapinda. Hospitalini waliniokoa mimi. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kunyamaza, bado ana joto. Mganga alisema kwa upole kwamba kama tungefika asubuhi angalau angejaribu. Mama na wanawake wenzake walimzika, mimi sikumwona kaburini, nasikia walimfunga kanga yangu ile ile.

Mume wangu alikuja baada ya mafunzo kwisha. Joto lilikuwa kali naye amejitanda shuka begani. Lilipoteleza niliiona tepe mkononi, mpya, imeshonwa na fundi wa kambini. Sikuuliza, akaanza mwenyewe. Yule Mzungu aliwasifu mbele ya kikosi kizima kwamba watu wenye mgonjwa walisimama kati yao, wakaita, na hakuna hata mmoja aliyeonekana. Mume wangu akasema mkubwa wao alikuwa amelala nyuma yake, angeinuka angemwona. Kisha akasema, "Na mama alikuwepo. Ningetokeaje mbele ya mkwe nikiwa vile?"

Huenda vyote viwili ni kweli. Nilimuuliza jambo moja tu, kama alimsikia mama alivyoita.

"Nilimsikia," akasema.

Basi. Hatukuzungumza tena habari hiyo maisha yetu yote. Sikumwacha. Ili mwanamke amwache mume alipaswa kusema sababu mbele ya wazee wa pande mbili, na mjomba angekaa pale na goti lake ambalo halikukunjika tena, anasikiliza. Nani aseme? Jeshini hakudumu, akarudi kulima. Tulipata watoto wengine, na kwa watoto hao alikuwa baba mwema, alikesha nao wakiugua. Nasema na hilo nisije nikamdhulumu. Lakini hakuna siku niliyomtazama nisione haya, na hakuna siku aliyoniona natazama asigeuze uso.

Mama ndiye aliyetumaliza. Alimlilia mjukuu wake yule miaka mingi, na kila alipomkumbuka alitafuta la kujifariji. Jioni anapepeta mtama uani, mume wangu anakula chakula chake ng'ambo ya ukuta wa makuti, na mama anapandisha sauti makusudi, maana sifa ya mkwe lazima imfikie mwenyewe.

"Angekuwepo mkwe wangu siku ile," anasema, "angembeba mkewe peke yake mpaka Nachingwea, na mjukuu wangu angekuwa hapa. Au naongopa, mwanangu?"

Huko nyuma ya ukuta mkono unaacha kugusa sahani.

"Huongopi, mama," namjibu.