Redio Kwenye Laini ya Mashati

Mimi ni supavaisa wa laini ya mashati kwenye kiwanda kimoja hapa Ruiru, na mdomo wangu unajulikana mpaka Mwihoko. Bosi mpya alipokuja, alikuwa mtu wa mabadiliko, na kila badiliko lazima lipimwe. Nikaona nami nijaribu bahati yangu. Nikamwambia, "Bosi, tuwekee redio. Watu wanasinzia."

"Sawa," akasema. "Wiki moja bila redio, wiki moja na redio. Wewe uhesabu mashati. Yakiongezeka, inabaki. Yasipoongezeka, inarudi dukani."

Haiya! Wanawake wa laini yangu kusikia hivyo, wakapagawa. Wiki ya redio ilipoanza, saa ya chakula nilirudi ndani kuchukua mwavuli, nikawakuta wote wameinamia cherehani, chapati mdomoni, mguu kwenye pedali. Rundo la mashati lilikuwa limefika kiunoni.

Nilipandwa na hasira. "Nyinyi mna wazimu? Bosi akiona hesabu hii, ndiyo itakuwa tageti yenu ya kila siku! Mtakula lini tena, Desemba?"

Mama mmoja wa Kakamega, mkubwa wetu sote kwa umri, akanijibu huku anatafuna, "Na tukipunguza, si redio itaenda?"

Ngai wangu! Alisema kweli, na roho iliniuma. Hata mimi nilikuwa nimeshaizoea ile redio. Lakini mtu lazima ale. Nikazima umeme wa laini nzima, nikawafukuza nje, na jioni nikamweleza bosi jinsi mashati ya siku hiyo yalivyopatikana. Akayafuta kwenye hesabu. Siku zilizobaki walishona kama kawaida.

Ijumaa bosi akashuka na karatasi yake. "Hakuna tofauti," akasema. "Redio haijaongeza hata shati moja." Akashika waya aichomoe.

Wanawake wakaniangalia mimi. Maneno yakanitoka tu. "Na ile ofisi ya vioo uliyojengewa huko juu, bosi, imeongeza mashati mangapi?"

Nikajua hapo kazi nimepoteza, na kodi ya nyumba sijalipa. Bosi akainua macho kwenye vioo vyake, halafu akaachilia waya.

"Mbadilishe stesheni, basi," akasema. "Hayo matangazo ya vifo nayasikia mpaka huko juu."