Alichanjwa Mara Mbili

Nakumbuka siku niliyoshika kalamu nikiomba moyoni mama mkwe wangu asifungue mdomo. Kaa hapa, mwanangu, nikusimulie, maana nasikia nawe unaandika madai.

Nilikuwa mama mchanga hapa Machakos, mume wangu akichonga mawe kule Lukenya na kurudi Jumamosi. Kifungua mimba wetu, Mutua, alidungwa sindano ya chanjo kwenye zahanati na nesi aliyeitwa Ndinda. Joto likampanda. Ndinda alikuwa ameniambia litashuka lenyewe, lakini mimi, na kichwa changu kigumu, kesho yake nikambeba hadi kwa mzee wa dawa. Akamchanja kwa wembe pale pale penye alama ya sindano, akapaka unga mweusi. Mama mkwe alikuwapo. Hakupenda, ila alinishikia mtoto.

Wiki haikuisha, mkono ukaoza. Mtoto alilazwa, kidonda kikafunga, lakini mkono haukupanda tena kupita bega. Madaktari walitafuta kosa kwenye ile sindano, nami niliogopa kuwaambia habari za wembe.

Majirani wakanichochea nidai fidia. Wakili wa mjini aliponiuliza, nilijibu, "Alichanjwa," nikanyamaza. Unauona ujanja wangu? Kiswahili kinatumia neno hilo hilo kwa sindano na kwa wembe, nami nikajibanza humo na kujiambia kwamba sijadanganya.

Siku ya suluhu tulikutana ofisini kwa chifu. Wenye zahanati walikubali kulipa ili yaishe, na Ndinda afutwe kazi. Alikuwa ameketi kando ya mlango akijifuta machozi kwa kitambaa. Nilikwepa macho yake. Kabla sijatia sahihi, chifu akamgeukia mama mkwe, shahidi wangu, akamwita nyanya kwa Kikamba.

"Susu, huyu mtoto alichanjwa?"

"Alichanjwa."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Moja ya sindano, moja ya wembe."

Wakili alifunga faili lake. Nilimchukia yule mama, mwanangu, sikufichi. Yeye akanitazama bila hasira.

"Mama Mutua, daktari atatibu huu mkono aje, na hajui ni nini iliukata?"

Niliiweka kalamu chini. Miezi yote ile nilikuwa nikilinda aibu yangu, na mtoto ndiye aliyekuwa akilipa. Nililia mbele ya watu wote, kisha nikamwomba Ndinda msamaha.

Dai nikalifuta. Madaktari, walipojua, walipasua kovu la wembe lililokuwa limeubana mkono. Ndinda, aliyebaki kazini, ndiye aliyenifundisha kuunyoosha kila asubuhi, Mutua akipiga mayowe na mimi nikilia naye. Ilichukua muda mrefu.

Sikwambii usidai. Aliyeumizwa na adai, na alipwe. Ninachokuomba ni hiki: ukiulizwa kilichompata mtoto wako, sema yote, na uanze na lile linalokuaibisha. Usingoje mama mkwe akusemee. Ukijibu nusu, atatibiwa nusu.

Mutua sasa ni fundi wa rangi huko Mlolongo. Juzi nilimkuta juu ya ngazi akipaka dari, kwa mkono ule ule, nikasimama mlangoni hadi akanicheka. Mungu akupe ujasiri wa kusema ukweli mapema, mwanangu, na akujalie kuwaona watoto wako wakimwinulia mikono yote miwili.