Kamera ya kumlinda mama yangu Handeni, na fundi aliyekuwa akiingia bila hodi

Wakuu, asalaam aleykum. Na wale ambao salamu yenu ni nyingine, habari za mchana.

Nina udhu wangu hapa nasubiri alasiri iadhiniwe, kwa hiyo mtu asidhani nakuja kutunga hadithi. Siwezi kutoka kwenye uongo nikaenda kusimama kwenye mswala. Naandika kwa simu, herufi zikiruka mnivumilie. Na hasira mnivumilie pia, maana ninazo.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu. Shule nilimalizia ukubwani, masomo ya jioni, natoka shamba naingia darasani daftari nimelifunga kwenye kanga. Masomo hayo ndiyo yalinipa kazi niliyonayo, karani wa mizani kwenye kiwanda cha mkonge huku Ngombezi. Robota la singa, yaani mzigo wa nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa, likitoka kwenye mashine, mimi napima.

Jumatatu mpaka Ijumaa nalala chumba cha kupanga Korogwe mjini. Jumamosi narudi kwetu Handeni, aliko mama yangu.

Mama alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto haifanyi kazi. Anakaa na mdogo wake, mama mdogo Mwanaidi, ambaye naye ni mtu mzima na ana kishamba chake, hawezi kushinda ndani kutwa.

Siku moja mama mdogo yuko shambani, mama akadondoka kitandani. Alikaa pale chini toka asubuhi mpaka adhuhuri. Amejilowesha, shavu kwenye sementi, anaita hakuna anayesikia.

Hapo ndipo nikasema nafunga kamera.

Nikaenda kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Handeni. Jina silitaji. Duka ni la mzee mmoja wa Kihindi, na ana fundi wake anayefunga kamera na madishi. Huyo fundi naye jina silitaji, lipo linapotakiwa kuwepo. Mtu mpole, ndevu zake nzuri, msikitini anakaa safu ya mbele. Nikamwamini. Nisingemwamini vipi?

"Mama, hii hata ukiwa China unaiona na kuigeuza," akaniambia.

Nikamwambia China sina shughuli, mimi nataka nikiwa Ngombezi.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Kamera haikufungwa getini, sisi geti hatuna. Ilifungwa sebuleni, kwa sababu kitanda cha mama tulishakihamishia sebuleni, chumbani ni padogo. Kwa hiyo hapo ndipo anapolala, anapokula, na ndipo mama mdogo anapomwogesha na beseni.

Mama hakuipenda. Akaniuliza, "Na huyo atakayeingia na hicho kidude atapiga hodi?"

Nikamwambia mama, ni mimi peke yangu, mwanao.

"Wewe mwenyewe hujawahi kuniingilia bila hodi."

Ni kweli. Sijawahi. Kwetu hata mlango ukiwa wazi unasimama nje mpaka uambiwe karibu, mwenye nyumba apate nafasi ya kujitanda. Basi tukakubaliana. Nikitaka kuangalia napiga kwanza simu ya kitochi ya mama mdogo, nasema hodi, yeye anamfunika mama kanga, ananiambia karibu, ndipo nafungua. Akienda shambani kitochi anamwachia mama mkono wa kulia, anapokea mwenyewe. Asipopokea, hapo nafungua moja kwa moja maana huenda kaanguka.

Kuna wenzangu kazini walinicheka sana. "Mama wa mizani anabishia simu hodi!" Wacheke tu.

Shida ikaja kwenye internet.

Kule ghalani ilipo mizani ni mabati kila upande, mtandao wa simu unakufa kabisa. Kuna Wi-Fi ya ofisi ila imebanwa. Barua pepe inafungua, tovuti za kawaida zinafungua, lakini app ya kamera inazunguka weee mpaka betri inapata joto. Nikitoka nje kwenye barabara ya trekta naiona, lakini mizani utamwachia nani?

Nikamwendea bwana wa kompyuta ofisini, mtu wa makamo, hana maneno mengi. Akaniambia hawezi kunifungulia. "Nikikufungulia wewe, mama, kesho kila mtu ataniletea kamera yake, na ofisi itakosa hata pa kutumia barua." Sikumlaumu. Ni kazi yake.

Nikampigia fundi. Akanieleza kwamba hata upande wa Handeni kuna tatizo, router yetu ya pale nyumbani, ya kuleta internet, ni ya laini ya simu, haina anwani yake yenyewe ya kufuatwa kutoka nje. Maneno mengi. Mwisho akasema, "Usihangaike mama yangu. Nakutengenezea njia. Utapokea namba sita kwenye simu, nitajie."

Namba zikaja. Nikamtajia.

Wakuu, mkisema ni ujinga, sikatai. Kwa ile sauti ya "mama yangu" ningemtajia hata namba sitini.

Kesho yake akanitumia link. Nafungua kwa browser ya kawaida pale pale ghalani, kwa Wi-Fi ile ile iliyobanwa, namwona mama. Siyo video, ni picha inabadilika kila baada ya sekunde kadhaa. App yangu ilikuwa imenitoa, akasema niachane nayo, nitumie link tu.

Nilifurahi jamani. Nilimwombea dua yule mtu. Kwenye sijda, nikamtaja kwa jina lake, yeye na watoto wake. Hili nikilikumbuka natamani kuvunja kitu.

Wiki ya pili mama akaanza maneno.

"Jana umenichungulia bila hodi."

Hapana mama, jana nilipiga.

"Ya mchana ulipiga. Ya asubuhi nilikuwa naogeshwa. Kimegeuka, kikaniangalia."

Nikamwambia umeota mama. Mama mdogo naye akasema yeye hakuona kitu. Atakionaje, kamera iko nyuma yake na yeye kainama na beseni?

Mama hakuacha. Kila nikipiga, kimegeuka. Mimi nikajua ugonjwa umepanda kichwani, maana hospitali walishatuambia kiharusi kinaweza kumchanganya mtu. Na siku moja, Allah anisamehe, nilimkaripia. Nilimwambia, "Mama, unanichosha na hiyo kamera."

Akakata simu.

Toka siku hiyo akakataa kuogeshwa. Analala na ushungi, shuka mpaka shingoni, na mnalijua joto la Handeni. Mama mdogo akileta beseni anageukia ukutani. Siku tisa, wakuu. Mgongo ukaanza kuchubuka. Mimi huku nimeshaulizia daktari wa akili wa kumpeleka.

Mama yangu alikuwa anajisitiri kwa mkono mmoja, mimi naulizia daktari wa akili.

Siku ya kumi, mchana, nikapiga hodi. Mama mdogo akasema karibu. Nikafungua link. Picha inaonyesha mlango wa uani. Nikashangaa, kwa kawaida inaangalia kitanda. Picha ya pili, ukuta. Ya tatu, nusu ya kitanda. Ya nne, uso wa mama, anaitazama kamera moja kwa moja.

Na mimi sijagusa kitu. Ile link haina hata kitufe cha kugeuzia.

Niliacha robota juu ya mizani. Nikaenda na simu yangu mpaka kwa yule bwana wa kompyuta. Akaishika, akaitazama, akaniuliza, "Hii akaunti ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Soma hapa juu."

Juu kabisa, maandishi madogo ya kijivu, kuna jina. La fundi. Siku zote lilikuwa pale, na mimi kusoma najua!

Akanieleza taratibu. Zile namba sita ndizo zilizomwezesha kuichukua kamera na kuiandikisha kwake. Yeye anaona video yenyewe, anasikia sauti, anageuza, anahifadhi. "Wewe hapa ni mgeni, mama. Unachungulia kwenye dirisha lake."

Nikampigia mama mdogo, nikamwambia chomoa ule waya ukutani. Akauliza upi. Nikasema wote!

Nikaomba ruhusa kazini, nikafika Handeni kabla ya alasiri. Sikwenda nyumbani, nilikwenda dukani.

"Shikamoo mama," fundi akaniamkia. Sikuitikia. Ni mara ya kwanza maishani kukataa shikamoo ya mtu.

"Fungua simu yako unionyeshe kamera yangu."

"Ile ni system tu mama, hakuna mtu anayeangalia."

"Leo mchana iligeuka. Nani kaigeuza, jini?"

"Aah, nilikuwa nacheki kama inafanya kazi."

"Unacheki mama yangu akiogeshwa?"

Wateja wakageuka. Yule mzee mwenye duka akaja mbio kutoka nyuma ya kaunta. "Mama, mama, punguza sauti. Fundi wangu huyu miaka mingi, mtu ya dini."

Nikamwambia mzee, kama ni mtu wa dini afungue simu. Akamwambia fundi, fungua bwana, mama aridhike, aende.

Akafungua. Kamera zimepangwa moja chini ya nyingine, kila moja na kapicha kake. Yetu imezimwa, lakini video alizohifadhi zipo. Juu ya yetu kuna nyumba ya ustadhi mmoja. Juu yake saluni ya kina mama. Mzee akavaa miwani, akasogea. Akagusa kapicha ka juu kabisa.

"Hii jikoni kwangu hii! Hii mke wangu anapika! Wewe shetani, mimi nilisema funga stoo!"

Hapo sasa hakuna aliyeniambia nipunguze sauti.

Tulikwenda na huyo fundi kituo cha polisi, mimi, mzee na simu yenyewe. Sikukubali aifute hata video moja, ingawa roho ilitaka zifutwe dakika ile ile, kwa sababu mzee alisema huo ndio ushahidi. Zaidi ya hapo siandiki, suala linaendelea.

Ila hili lazima niliseme. Jioni ile ile walikuja watu watatu wa msikitini kwetu, watu wazima, wakakaa kwenye mkeka wangu wakanywa chai yangu. Wakaniambia dini inataka tusitiriane, kijana ana familia, nifute kesi.

Nimsitiri nani? Mama yangu amefunuliwa nyumbani kwake, sikumwona hata mmoja akija kuuliza anaendeleaje. Aliyefunua ndiye wa kusitiriwa? Niliwajibu kwa adabu, kwamba dini hiyo hiyo ndiyo imekataza kuchungulia nyumba za watu, na kesi sifuti. Wamalize chai.

Mpaka leo kuna wasioniitikia salamu. Haya.

Kwa mama nilipiga magoti. Nikamwambia ulikuwa sahihi, mimi ndiye sikukusikiliza. Akasema, "Leta maji. Uniogeshe wewe."

Nikamwogesha.

Jumapili, nikijiandaa kurudi Korogwe, nilimwambia ile kamera naitupa. Akakataa. Akasema akidondoka tena asikae chini kutwa. Lakini safari hii nambari ya siri atachagua yeye.

Yule bwana wa kompyuta wa ofisini akanielekeza kwa simu, hatua kwa hatua: kuirudisha kamera kama ilivyotoka dukani, kuiandikisha kwa email yangu, kuzima kuhifadhi. Ilipofika password nikampa mama simu. Akaandika kwa kidole kimoja cha kulia, polepole, amenificha.

Naangalia mara mbili kwa siku, natoka nje ya ghala mpaka kwenye barabara ya trekta, kwa bando langu. Msimamizi nimemweleza, amekubali dakika zangu tano. App ikinitoa inabidi nimpigie mama anitajie password. Hajawahi kuikosea. Mimi naisahau kila mara.

Kwa hiyo ndugu zangu, internet ya kazini ikikubana, ni heri usione kuliko kuonyeshwa na mtu. Na zile namba sita usimtajie yeyote, hata akiwa anakuswalisha.

Wewe mwenye kamera iliyofungwa na fundi, ifungue sasa hivi, usome jina lililo juu. Kisha rudi hapa uniambie umekuta jina la nani.