Nilishapata nafasi ya kusomea wagonjwa mahututi, nikaomba kuhamishwa: nilivyochagua specialty ya Nurse Practitioner

Wakuu, na hasa nyinyi wauguzi mnaosoma hapa kimyakimya mkiwa zamu, nipeni masikio kidogo.

Ninayoeleza yamenikuta mwenyewe hapa Bujumbura, sikuyasikia kwa mtu. Nimebadilisha majina tu, maana mji wetu ni mdogo na watu wa mtaa wangu wa Bwiza wanajuana mpaka wajukuu.

Naandika kwa sababu napata inbox nyingi za swali moja: "Dada, nimekubaliwa master ya uuguzi, nichukue option gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa vipande. Leo nataka nieleze yote, taratibu.

Kwanza niweke msingi kwa wasio wa fani.

Nurse Practitioner ni muuguzi aliyeongeza masomo mpaka ngazi ya master. Anapima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa na kumfuatilia. Kwetu Burundi cheo hiki bado hakijazoeleka, ingawa kwenye vituo vya afya muuguzi ndiye anayekupokea na kukuandikia dawa. Ndiyo maana huku kila aliyevaa koti jeupe anaitwa muganga, na ukijaribu kusahihisha unaonekana unajidharau.

Kuisomea kazi hii ilibidi niombe chuo cha nchi jirani. Nikakubaliwa.

Sasa tatizo. Master hii huwezi kuisoma kwa ujumla. Unachagua njia moja: wagonjwa mahututi, watoto, afya ya akili, au afya ya familia, ambayo inachukua watu wa umri wote na magonjwa ya kila siku. Ukishaanza huruki kwenda nyingine. Mazoezi yako, mitihani yako, hata leseni yako vinafuata njia hiyo.

Mimi kwenye maombi niliandika wagonjwa mahututi bila kufikiri mara mbili. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye idara ya dharura, ile tunayoiita urgences, na nilikuwa naipenda. Mtu anaingia amebebwa, anatoka anatembea. Nani hapendi hilo?

Mkuu wa zamu yetu, Espérance, mwanamke mwenye mikono myepesi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alinipongeza kwa kunipiga bega.

"Écoute, sikia, we uko na mikono ya urgences. Usiende kupoteza bure kwenye mambo ya kupima presha ya wazee."

Nyumbani maoni yalikuwa mengine. Baba mdogo Hamisi, ambaye ana duka la vitambaa na ndiye aliyenilea, alitaka nichukue watoto.

"Sikiliza biashara, mwanangu. Mutu mukubwa akiugua anasema kesho, kesho. Mutoto akiugua, baba yake anauza hata pikipiki."

Nikamwambia sisomi kufungua duka.

"Kila kitu ni duka," akasema. "Tofauti ni bidhaa."

Basi nikaingia Ramadhani nikiwa na barua ya kukubaliwa na moyo mweupe. Uamuzi, kwa upande wangu, ulikuwa umeisha.

Alasiri moja wakamleta Mama Asha.

Mama Asha anauza sambusa Bwiza, karibu na ninapoishi. Alianguka mbele ya karai la mafuta, bahati akaangukia upande wa ukuta. Alipofika alikuwa ameloa jasho, anaongea maneno hayashikani. Espérance akamtoboa kidole, sukari iko chini kabisa. Tukamwekea glukosi kwenye mshipa. Baada ya muda mfupi akafumbua macho, akatuangalia, akauliza, "Sambusa zangu nani anazigeuza?"

Wodi nzima ikacheka. Daktari wa zamu akamwambia asifunge tena, ana kisukari na anameza vidonge vya kushusha sukari. Akajibu, "Ndiyo, docteur." Akaenda nyumbani.

Wiki haijaisha wakamleta tena. Glukosi, macho, kicheko. "Ndiyo, docteur."

Wakamleta mara nyingine.

Naomba mnielewe hapa, silaumu wenzangu. Urgences kazi yake ni hiyo: mtu asife sasa hivi. Nyuma ya Mama Asha kulikuwa na ajali ya pikipiki na mtoto anayetapika. Kila mara tulifanya kazi sahihi, na kila mara tulifurahi.

Ila ile mara ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa namchomoa mpira wa maji mkononi, na mikono yake ilikuwa na harufu ya unga na bizari. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani kuna nini? Mgonjwa si ameruhusiwa kula?"

Akaangalia kama Espérance anasikia.

"We ni mutoto wa Kiislamu, utanielewa. Mchana kutwa mi napikia watu futari. Wanakuja wamefunga, midomo imekauka, wananiambia Mungu akubariki Mama Asha. Mi nitawauziaje nikiwa nimekula? Nitawaangalia na macho gani?"

"Na daku unakula?"

"Daku niko nimechoka, nalala. Nameza kidonge tu na maji."

Wakuu, wa fani mmeshaelewa. Kwa wengine: kidonge kile kinashusha sukari iwe umekula au hujala. Yeye alikimeza alfajiri kwenye tumbo tupu, kisha akasimama kwenye moto siku nzima. Kuanguka kwake hakukuwa bahati mbaya, kulikuwa kunasubiri saa tu.

Na glukosi yote tuliyomwekea ilikuwa haigusi sababu hiyo hata kidogo.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kumbadilishia dawa, na hili nalisisitiza kwa wauguzi vijana: usibadilishe dawa ya mtu kwa huruma. Nilichofanya ni kumshika mkono siku yangu ya mapumziko, nikampeleka kwa daktari anayefuatilia wagonjwa wa kisukari. Nikakaa katikati yao. Daktari alianza, "Mwambie asifunge." Nikamwambia, docteur, hilo ameshaambiwa na amesema ndiyo mara zote. Tumuulize kwanza kuhusu sambusa.

Wakaongea. Daktari akambadilishia dawa na kuihamishia wakati wa kufuturu. Akamwekea masharti: daku lazima, sukari ipimwe alasiri, na ikishuka chini ya kiwango anafungua hapohapo bila majadiliano. Sheikh wa msikiti wao naye akamwambia kwamba kufungua kwa ugonjwa si kuwadanganya wateja, ni kutii. Nadhani hilo la sheikh ndilo lililoshika zaidi.

Nani wa kupima alasiri? Njia yangu ya kurudi nyumbani inapita pale. Nikawa napitia na kipimo kwenye mkoba.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Mama Asha ana binti, huyo Asha, hajaolewa. Mimi nina kaka, naye hajaoa. Mtaa ukaona mwanamke anaingia kila alasiri kwenye ile nyumba, anauliza nani amekula nini na nani amelala saa ngapi. Ikatangazwa kwamba nampeleleza mchumba wa kaka yangu.

Nikamwambia Mama Asha tuwaeleze ukweli.

"Apana! Waache waamini. Tangu uanze kuja, wanawake wote wananunua sambusa ili wasikie habari."

Kaka yangu mpaka leo anasalimiwa kwa tabasamu Bwiza asijue kwa nini.

Siku mbili sukari ilishuka. Siku ya kwanza aligoma, tukabishana mbele ya karai mpaka Asha akalia. Akafungua kwa tende, akageukia ukuta, wateja wasimwone. Siku ya pili alifungua mwenyewe kabla sijafika.

Ramadhani ikaisha. Hakuletwa tena.

Sasa ndiyo nifike kwenye kiini cha uzi.

Siku za Idi nilikuwa zamu. Espérance akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Leo tumeokoa wangapi?" Wenzangu wakataja. Mimi nikajikuta namfikiria mtu ambaye hakuwepo. Kitanda alichokuwa analalia Mama Asha kilikuwa na mgonjwa mwingine, na hilo lilinipa furaha ambayo hakuna glukosi iliyowahi kunipa.

Kwenye urgences hatuna namna ya kuhesabu wasiokuja. Wala si kazi yetu. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kusomea kazi ya urgences niifanye maisha yangu yote.

Watu wengi wanafikiri specialty hizi zinatofautiana kwa umri wa mgonjwa au aina ya ugonjwa. Ni kweli, ila kuna tofauti ambayo brosha za vyuo hazisemi: utakaa na mgonjwa kwa muda gani? Wa mahututi unampata kwenye saa yake mbaya kuliko zote, kisha unamkabidhi kwa wengine. Wa familia unampata akiwa anageuza sambusa, na atarudi, na atakudanganya, na atarudi tena. Watoto: mgonjwa ni mmoja, ila unatibu na mama na bibi. Akili: dawa yako kubwa ni kukaa na mtu na kumsikiliza, na matokeo yanakuja polepole mpaka unatilia shaka kama yanakuja.

Zote ni kazi za heshima. Espérance namuona bado ni bora kuliko mimi. Akikabidhi mgonjwa amemaliza, analala usingizi safi. Mimi nikikabidhi nabaki na maswali. Hilo si udhaifu wangu wala ubora wangu. Ndivyo nilivyo tu.

Nikaandikia chuo: naomba kuhamishiwa afya ya familia.

Wakajibu kwa adabu kwamba nafasi yangu ilitolewa kwa njia ya mahututi. Nikitaka kuhama, nafanya interview upya, na nafasi ya kwanza hawanihifadhii.

Wakuu, hapo nilisita. Nafasi yenyewe niliitafuta kwa muda mrefu, mara barua haijafika, mara vyeti havijatafsiriwa kutoka Kifaransa. Sasa niiachie kwa hiari?

Baba mdogo aliposikia, aliweka mkasi chini.

"Kwa hiyo ulikuwa na kiti, ukasimama?"

"Kiti hakikuwa changu, baba."

"Na unaenda kusomea kazi ya kituo cha afya? Iyo kazi si unaijua tayari?"

Swali lake lilikuwa zuri, nami nililala nalo. Jibu nililopata ni hili: kwenye kituo cha afya tunafuata mwongozo uliobandikwa ukutani. Homa, nenda huku. Kikohozi, nenda kule. Mwongozo unasaidia sana. Lakini mgonjwa mwenye kisukari, presha, Ramadhani na karai la mafuta hayupo ukutani. Ili umsaidie bila kumtegemea daktari kila hatua, lazima usome. Kusema kweli, nilitaka kuwa yule daktari wa siku ile, ila anayeanza na swali la sambusa.

Nikafanya interview kwa simu. Nilikwenda kwa rafiki anayeishi mtaa wa Gihosha kwa sababu kwake mtandao haukatiki sana. Ulikatika mara moja tu. Nikawasimulia habari za Mama Asha, na mama mmoja kwenye jopo akaniuliza, "Na kama asingekubali kufungua siku ile?"

Nikamjibu: ningebaki naye pale mpaka magharibi na glukosi mkononi, na kesho yake ningerudi kuanza upya.

Akaandika kitu. Hakutabasamu.

Majibu yalikuja hivi: nafasi ya mahututi amepewa mwingine. Ya familia nimekubaliwa, lakini kwa kundi la mwaka unaofuata.

Nilipoteza mwaka. Sitaki kuwadanganya kwamba haukuuma. Wenzangu niliokubaliwa nao walitangulia, wakanitumia picha za darasa. Nikaomba kuhamia kituo cha afya ili nisubiri nikiwa nafanya kazi ya aina hiyo, nione kama nilijidanganya. Kuna siku zilikuwa za kuchosha: presha, presha, kikohozi, presha. Lakini jioni nilikuwa najua majina.

Sasa niko darasani, muhula wa kwanza, Kiingereza kinanitoa jasho, na nimetulia.

Nilipokuja likizo baba mdogo alijifungia nami nyuma ya duka, akakunja mkono wa shati. Kumbe ana kizunguzungu tangu muda mrefu na hajamwambia mtu.

"Pima," akasema. "Lakini usianze kunifuatafuata nyumbani."

Presha ilikuwa juu, nikampeleka kwa daktari, na nyumbani nimeshamfuata. Dawa anakunywa.

Nilichojifunza: usichague specialty kwa kile unachokiweza haraka, kwa sababu mikono inaweza kuzoea kazi yoyote. Wala usichague kwa soko peke yake, soko linabadilika ukiwa bado darasani. Angalia ni mgonjwa wa aina gani unaendelea kumfikiria ukiwa umeshafika nyumbani. Na ukigundua umeandika njia isiyo yako, omba kuhama mapema, hata kama itakugharimu kusubiri.

Aliyechagua watoto au akili atueleze hapa chini ilikuwaje. Wa mahututi pia, njooni mnipinge, sitakasirika.

Na wewe ambaye fomu iko mbele yako sasa hivi, usiijaze leo. Kesho ukimaliza zamu, kabla hujavua koti, chagua mgonjwa mmoja unayetamani kujua atakuwaje mwezi ujao. Mwombe ruhusa umtembelee, nenda, ukae naye kidogo. Ukirudi, jaza.