Mpiga Nyundo Aliyeuliza Ndani ya Duara

Abeli Malogo akisimulia habari hii huanza na mwaka 2017, halafu hujisahihisha: la, ilikuwa 2018, maana 2017 uwele ulikauka ukiwa kwenye maua, na mwaka wa kisima watu walivuna. Basi na tushike 2018.

Kazi yake ilikuwa nyundo. Alikuwa ameizunguka nyanda yote ya kati, Mpwapwa, Hombolo, mpaka huko Kondoa, akifuatana na watu wa kutafuta maji. Wao walikuja na mashine. Yeye alipigilia vigingi vya chuma, safu baada ya safu, waya zikafungwa na umeme kidogo ukapitishwa ardhini. Umeme ukipita kwa shida, namba inakuwa kubwa. Ukipita kwa wepesi, kama penye maji, inakuwa ndogo; penye maji ya chumvi, ndogo kabisa. Shule aliishia darasa la nne, lakini namba hazikuwahi kumtisha.

Safari hiyo walikuja kijijini kwake mwenyewe, upande wa Mlali. Kijiji kilikuwa kimepewa kisima kimoja tu. Wakikosea mahali, hakuna cha pili, na kina mama wataendelea kufukua mchanga wa korongo, mwendo wa saa mbili, kutafuta ndoo moja. Ruthu, mkewe Abeli, alikuwa mmoja wao, na goti lake lilishaanza kugoma.

Wazee walikwisha chagua: ule uwanda mweupe chini ya kijiji, ambako kila kiangazi ng'ombe hukusanyika na kuwaondoa ni kazi. Ng'ombe hadanganyiki, walisema. Akisimama mahali, maji yako chini ya kwato zake. Abeli akawakumbusha kuwa pale ng'ombe wanalamba udongo, na kwamba marehemu mama yake aliukwangua udongo huohuo, akauchuja kwa maji, akayachemsha mpaka chumvi ikabaki chunguni. Wakamjibu kuwa hiyo chumvi iko juu tu, kama utando wa maziwa. Chini ni maji matamu.

Siku ya nne injinia, binti wa Kirangi aitwaye Nasra, aliweka kompyuta yake juu ya boneti ya gari, wazee wakamzunguka. Akawaeleza kuwa vipimo vyote sasa vimekuwa kitu kimoja, mfano wa boga zima, na mashine italikata vipande tuone ndani. Kipande cha mita kumi kwenda chini, cha ishirini, cha arobaini, cha sitini. Juu ya kila kipande ikachorwa mistari ya kontua, kila mstari ukipita penye namba zilizo sawa. Na kwenye kila kipande, kuanzia uwanda mweupe mpaka kwenye mawe ya mashariki, palilala duara moja refu la bluu, rangi ya namba ndogo, yaani ya maji, lenye namba mia mbili ukingoni. Wazee wakapeana mikono. Nasra akachukua kalamu aandike: uwanda mweupe.

Abeli akasogea. Siku nne alikuwa amesikia msoma mashine akitaja namba kwa sauti, na zilikuwa bado masikioni mwake.

"Injinia, mwanangu," akasema, "mstari huu ni mia mbili. Ndani yake mbona hamna mstari mwingine?"

Mzee Tumsifu, mwenyekiti wa kamati ya maji, akacheka. "Abeli, wewe wa nyundo. Tangu lini nyundo ikasoma karatasi?"

"Nyundo haisomi. Ila ilisikia. Kule uwandani zilitajwa tatu, tatu, nne. Kwenye mawe zilitajwa thelathini, arobaini. Hizo ni ndugu?"

Nasra hakucheka. Kwa kweli alikuwa ameiachia mashine ipange mistari yenyewe, mia mbili kwa mia mbili, nayo ikaruka namba zote zilizo chini ya hapo. Akaandika upya: tano, kumi, ishirini, arobaini. Vipande vikachorwa tena mbele ya macho yao, na lile duara likagawanyika mawili. La uwandani lilikuwa na mstari wa tano, likashuka nao kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho, chumvi tupu juu mpaka chini. La kwenye mawe lilianza kuonekana mita arobaini, nalo lilikuwa na mstari wa arobaini peke yake, bila hata wa ishirini: maji, lakini si ya chumvi.

"Shikamoo, baba," Nasra akasema, ingawa asubuhi walikwisha amkiana.

Wakachimba kwenye mawe. Mita hamsini na mbili maji yakaruka, na kikombe cha kwanza Tumsifu mwenyewe alimpelekea Ruthu. Akanywa, akasema hayana chumvi. Abeli alisimama kando na nyundo yake begani, amenyooka kama kijana wa jando. Mpaka leo akipita pale hupunguza mwendo, watu wapate kumwamkia.

Lakini siku ileile maji yalipotoka, Nasra akifunga vitu vyake, Abeli alimwomba afungue tena kile kipande cha sitini. Akaweka kidole katikati ya maduara mawili, penye nafasi isiyozidi upana wa kidole chenyewe. Akauliza, na tangu hapo amemuuliza kila injinia aliyekuja baada ya Nasra: kitu gani hapa katikati kinaizuia ile chumvi isihamie kisimani, na kitaizuia mpaka lini?