Kitu Mnachokijua Nyote Wawili

Paskazia alistaafu ualimu wa hesabu akabaki Bukene, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Mwanawe pekee, Erasmus, alikuwa ameoa Kanada. Yeye ndiye aliyemtafsiria mama yake maneno ya mjukuu, Anselm, mtoto wa miaka tisa asiyejua Kiswahili. Erasmus alipofariki, alizikwa hukohuko. Simu za mkwewe zikawa za salamu tu, halafu zikakoma.

Mwaka jana Paskazia aliamua kumwandikia mjukuu yeye mwenyewe, kwa Kiingereza. Barua aliipeleka kwa Benedikta, mwalimu kijana wa Kiingereza wa sekondari. Benedikta alimwamkia, akaisoma polepole, kisha akaanza kuchomeka vineno kwa kalamu nyekundu: hapa "a", pale "the", kwingine "for". Paskazia aliuliza hiyo "for" ni ya nini, maana "nakungoja" ni neno moja na linatosha. Benedikta akasema kwa Kiingereza halitoshi. Na "the", akaeleza, huwekwa kwa kitu ambacho mwandishi na msomaji wote wanakijua.

Paskazia aliipitia barua yake tena. Kisima, chumba cha uani alicholala Erasmus utotoni, kaburi la mumewe: Anselm hakujua hata kimoja.

"Basi mwanangu, mimi na huyu mtoto hatuna 'the'," alisema. "Tunayemjua sote ni baba yake."

"Na jina la mtu haliwekewi 'the', mama," Benedikta alijibu, akainamisha macho. Kisha akaongeza kwamba kitu ukishakitaja mara moja kwa "a", mara ya pili kinakuwa chenu wote wawili.

Paskazia aliandika Jumamosi nzima. Alitaja chumba, kisha dirisha la kile chumba, kisha baiskeli iliyokuwa ikiegemezwa chini ya dirisha, ambayo Erasmus aliiendesha kwenda shule. Akaipiga picha barua, akaituma kwenye simu ya mkwewe.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mstari mmoja. Anselm aliomba picha ya baiskeli.

Baiskeli aliiuza mwaka ule wa msiba wa Erasmus, maana hakuweza kuitazama. Benedikta naye alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, Isikizya. Paskazia alikaa mezani peke yake, akaandika kwamba baiskeli haipo tena, kwamba anasikitika, na kwamba bado anafagia mle chumbani. Hakuwa na hakika kama hapo aweke "in" au "at". Hapakuwa na wa kumuuliza. Akaituma barua hivyohivyo.