Risasi Tulizozivisha Karatasi

Vita vya kwanza vya Wazungu vilipoanza, wanaume wa shamba letu karibu na Ainabkoi walichukuliwa: bwana Kaburu akaenda kama askari, mume wangu kama mpagazi. Bunduki nzuri zilikwenda nao. Tukabaki memsabu, mkewe bwana, na mimi mpishi wake, pamoja na gobore kuukuu la baba yake memsabu.

Halafu chui akaanza kula ndama. Alianza na wa memsabu, akaja kwa wangu.

Memsabu alikuwa na shabaha, ila kalibu ya kutengenezea risasi za lile gobore ilikuwa imepotea, na ile aliyoazima kwa jirani ilitoa risasi nyembamba. Ukiitia mtutuni ilishuka ikigongagonga kama kokoto ndani ya debe. Asubuhi moja chui alisimama wazi kabisa kando ya zizi, memsabu akafyatua, risasi ikaenda upande. Aliketi barazani akalia.

Nikamuuliza, "Memsabu, baba yako alifanya nini risasi ikiwa ndogo?"

Alifikiri, akafuta macho. "Aliivisha karatasi!"

Tukayeyusha kipande cha bomba la madini ya risasi kwenye jiko langu, tukaimimina kwenye kalibu. Za kwanza zilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ilikuwa baridi. Tulipoipasha moto vizuri zikatoka laini, zinang'aa. Memsabu akaleta karatasi nyepesi aliyochorea vipimo vya kukatia nguo. Tuliikata vipande, tukavilowesha, nami nikaviviringisha kwenye risasi kama mtu anayesokota sigara. Karatasi ilipokauka ilibana kama ngozi. Ya kwanza ilikuwa nene mno, ikakwama mdomoni mwa bunduki. Nikapunguza mzunguko mmoja, nikapaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta.

Memsabu akaisukuma kwa fimbo. Ikashuka polepole, imebana pande zote.

"Tikisa," nikasema.

Akatikisa. Kimya. Akalenga gogo ng'ambo ya zizi, akalitoboa katikati. Tulipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Jioni chui alirudia mzoga wa ndama wangu. Tulikuwa tumejificha nyuma ya ghala la mahindi. Memsabu alivuta pumzi, akafyatua, na moshi wa baruti ukatufunika tusione chochote. Ulipopungua, chui alikuwa amelala ubavu, hapumui.

"Tumempata!" nikapaza sauti.

Mwanamke yule, ambaye hakuwahi hata kunishika mkono, alinikumbatia tukazunguka pale uwanjani kama wasichana.

Kesho yake tulifunga ng'ombe kwenye gari, tukapeleka ngozi Eldoret. Watu walijaa barabarani. Mzungu mmoja mwenye ndevu akauliza ni mwanamume gani aliyempiga chui mkubwa hivyo.

"Sisi," memsabu akajibu, akininyooshea kidole. "Mimi na huyu mama."

Nikasimama juu ya gari ili wote wanione.